Nyaya Bapa za Kilombero: Kifaa Kinafia Wapi?

Mizani ya kidijitali ikianza kuonyesha 8 kama 3, mnunuzi wa mpunga ameshaingia kwenye ugomvi. Gunia la kilo 83 linasomeka 33, mkulima anapandisha sauti, watu wanaanza kukusanyika. Wanaoshuhudia hushuku wizi. Fundi asiye na subira hushuku chipu iliyoungua. Mara nyingi wote wamekosea. Ndani ya mizani, kati ya bodi na kioo cha tarakimu, kuna ukanda mwembamba wenye njia za umeme zilizolala sambamba, na njia moja au mbili zimeacha kugusana na kioo. Vingine vyote ni vizima.

Suala la nyaya bapa na soketi zake huonekana dogo mpaka mtu ahesabu vifaa vinavyozitegemea: sabufa ya kibanda cha chipsi, printa ya steshenari iliyo jirani na shule, kingamuzi, runinga, kompyuta mpakato, simu, na miradi ya wanafunzi wanaojifunza Arduino. Chipu imefungwa ndani ya plastiki tangu kiwandani na haina pa kuingiza hewa. Kiungo kiko uchi. Ndicho kinachochomolewa, kinachokunjwa, kinachotikiswa. Anayetaka kujua kwa nini kifaa kimezima ana sababu nzuri ya kuanzia hapo kabla ya kuwasha bloa na kuanza kubandua chipu.

Kilombero nayo ni mahali pagumu kwa chuma kilicho uchi. Mji wake wa Ifakara umekaa bondeni, pembezoni mwa ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ikiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Masika yakikolea, hewa yenye unyevu hupenya kila tundu la kifaa, na joto linaposhuka usiku unyevu huo hutua juu ya bodi. Vumbi la pumba kutoka mashine za kukoboa mpunga huongeza balaa, kwa kuwa hunyonya maji na kuyashikilia palepale yalipotua. Panya nao hutafuna ganda la plastiki, na sisimizi hupenda kujenga ndani ya vifaa vyenye joto. Orodha hiyo haimshangazi mkazi wa bonde. Linaloweza kumshangaza ni jinsi kiungo kinavyoharibika hata pasipo tone la maji.

Sabufa ndiyo mfano bora. Soketi za bei nafuu hupakwa bati, na bati likikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa kutu usiopitisha umeme vizuri. Fundi anapochomeka plagi kwa nguvu, utando huo hukwaruzwa na chuma safi hukutana na chuma safi. Tatizo huanza pale kiungo kinapotikiswa kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kila mtikisiko hufunua bati jipya, hewa inalivika utando, mtikisiko unaofuata unausaga, na baada ya miezi vumbi jeusi la kutu limejaa kati ya pini na soketi. Spika ya besi imepachikwa kwenye sanduku lilelile lenye bodi. Sabufa, kwa maneno mengine, hujitikisa viungo vyake yenyewe kila jioni. Ndiyo maana viwandani humwaga gundi ya moto juu ya plagi zake, na ndiyo maana fundi anayeibandua gundi hiyo bila kuirudisha hulipwa mara mbili kwa kazi ileile.

Nyaya bapa si aina moja, na kuzichanganya ndilo kosa la kwanza. Ile ya kijivu inayokumbukwa kutoka kompyuta za zamani ina historia inayoanzia Marekani mwaka 1956, kampuni ya Cicoil ya California ilipoanza kuitengeneza. Ni nyaya nyembamba za kawaida, kila moja na nyuzi zake za shaba, zilizogandishwa ubavu kwa ubavu, na kati ya kiini cha waya mmoja na cha jirani yake ni milimita 1.27. Waya wa ukingoni hupakwa rangi, nyekundu mara nyingi, kuonyesha pini ya kwanza. Ustadi wake uko kwenye plagi. Waya hauchunwi wala haulehemiwi. Mkanda mzima hulazwa juu ya safu ya visu vidogo vyenye umbo la V, kifuniko kinakandamizwa, na kila kisu kinakata ganda na kuuma shaba kwa nguvu kiasi kwamba hata hewa haipenyi kati yao. Nyaya 40 huungwa kwa mkandamizo mmoja.

Aina ya pili ni ile nyeupe, nyembamba kama karatasi, yenye vipande vya shaba bapa vilivyobanwa kati ya plastiki mbili. Ndiyo inayokwenda na kurudi pamoja na kichwa cha printa na kuunganisha bodi ndogo ndani ya runinga. Ncha zake huachwa wazi upande mmoja na kubandikwa kipande kigumu, cha bluu mara nyingi, upande wa pili, ili ziweze kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Ya tatu ndiyo mafundi simu wanaiita fleksi: rangi ya kahawia au njano, yenye umbo la kukatwakatwa kufuata nafasi ya kifaa, na mara nyingi yenye vipuri vilivyolehemiwa juu yake. Fleksi ni saketi kamili iliyochapwa juu ya plastiki inayokunjika. Mkanda mweupe unaweza kununuliwa kwa vipimo vyake. Fleksi hununuliwa kwa jina la kifaa na modeli yake, basi.

Kuna ya nne ambayo huwaponza wengi, nayo ndiyo mara nyingi huwa ndani ya mizani, kikokotoo au redio ndogo. Kwa mbali inafanana na mkanda mweupe, lakini njia zake ni za wino wa kaboni na imegundishwa kwa joto moja kwa moja juu ya kioo. Haina soketi, haichomolewi, na risasi haishiki juu yake. Anayeiwekea ncha ya pasi ya kulehemu huiyeyusha. Dawa yake ni kuibana upya kwa joto la wastani juu ya kipande cha mpira wa silikoni, na hata hapo matokeo ni ya bahati. Mwenye mizani aelezwe mapema kwamba kioo kinaweza kupona kwa mwezi mmoja tu.

Sasa utambuzi. Macho hayatoshi, na picha iliyotumwa kwa simu bila rula pembeni haimsaidii muuzaji. Mkanda mweupe hujulikana kwa idadi ya njia, nafasi kutoka kiini cha njia moja hadi cha nyingine, urefu, na upande ambao shaba imefunuliwa kila ncha. Idadi huhesabiwa kwa subira chini ya kioo cha kukuzia. Nafasi ndiyo inayowashinda watu, maana tofauti ya milimita 0.5 na 0.8, au 1.0 na 1.25, si rahisi kuiona. Njia salama ni kupima upana mzima kwa venia kalipa na kuugawa kwa idadi ya njia ukiongeza moja. Mkanda wa njia 40 wenye upana wa milimita 20.5, ukigawa kwa 41, unapata 0.5 kamili. Mkanda wa kamera ya Raspberry Pi ya mwaka 2013 una njia 15 na upana wa milimita 16. Gawa kwa 16, ni milimita 1. Ule wa Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, una njia 22 ndani ya milimita 11.5, yaani nafasi ya 0.5. Mwanafunzi anayenunua kamera ya zamani na bodi mpya asipofanya hesabu hii atabaki na vifaa viwili vizima visivyoongea.

Upande wa shaba ni mtego mwingine. Madukani mkanda ambao shaba yake imefunuliwa upande uleule ncha zote mbili huitwa aina A, na ule ambao imefunuliwa pande tofauti huitwa aina D. Ukiweka A mahali pa D, ncha moja itaingia vizuri na nyingine itagusa plastiki tupu. Hapo mwenye mradi ana bahati. Akilazimisha kwa kuupindua mkanda, pini ya kwanza inakuwa ya mwisho, na kama volti 5 zilikuwa ukingo mmoja na graundi ukingo wa pili, zimebadilishana. Moshi mdogo unatosha kumaliza bodi iliyosafirishwa kwa wiki kadhaa.

Yale maandishi madogo juu ya mkanda, ambayo wengi huyaona kama mapambo, ni cheti chake. Kwenye mkanda mweupe husomeka mara nyingi AWM 20624 80C 60V VW-1: plastiki inahimili nyuzijoto 80, volti zisizidi 60, na ina sifa ya kutoendeleza moto. Mkanda wa kijivu mara nyingi huandikwa 2651, nyuzijoto 105 na volti 300. Mtu akivuta njia ya umeme wa TANESCO wa volti 230 kupitia mkanda mweupe kwa sababu eti ulikuwa mrefu wa kutosha, amevuka kiwango chake karibu mara nne. Mkondo nao una mpaka. Waya mmoja wa mkanda wa kijivu hubeba takriban ampea 1, na njia moja ya mkanda wa nafasi ya 0.5 hubeba karibu nusu ampea. Watengenezaji wanaohitaji zaidi hutumia njia tatu au nne sambamba kwa umeme uleule, hivyo fundi anayeona njia kadhaa zinakwenda mahali pamoja asidhani zimerudufiwa bure. Zikikatika mbili, zilizobaki zitabeba mzigo, zitapata joto, na kifaa kitazima baada ya dakika kumi.

Plagi ndogo nyeupe zilizotapakaa ndani ya sabufa na chaja zinahitaji uchunguzi wa namna yake. Nyingi ni za familia za kampuni ya JST ya Japani au nakala zake: XH yenye nafasi ya milimita 2.5, PH yenye milimita 2.0. Pini za kawaida za Arduino zina milimita 2.54. Tofauti ya 2.5 na 2.54 ni ndogo kiasi kwamba plagi ya pini mbili au tatu itaingia popote, na hapo ndipo watu hujifunza tabia mbaya. Kwenye pini kumi pengo limefika milimita 0.36, pini za mwisho zinapinda, na soketi inapasuka. Kwa bahati nzuri bodi ndogo za USB na bluetooth zinazowekwa kwenye sabufa huandikwa kando ya pini: 12V, GND, L, R. Fundi asome maandishi hayo kwanza. Rangi za nyaya hazina sheria yoyote inayoheshimiwa na viwanda vya bei nafuu, na waya mwekundu uliobeba sauti ya kushoto si jambo la ajabu.

Mikanda ya kompyuta za zamani ambayo bado imelala kwenye makabati ya steshenari na maofisi ni hazina yenye mitego. Mkanda wa diski wenye nyaya 40 unachanika vizuri kwa kidole na kutoa mikanda minne ya nyaya kumi kwa ajili ya miradi. Mdogo wake mwenye nyaya 80 hautoi kitu. Ulibuniwa ili diski zifikie kasi ya megabaiti 66 kwa sekunde na zaidi: pini zilibaki 40, lakini kati ya kila waya wa ishara uliwekwa waya wa graundi wa kuzuia kelele. Ili zote zikae katika upana uleule, nafasi ilipunguzwa hadi milimita 0.635, na visu vya plagi ya kawaida hukata nyaya mbili kwa pamoja na kuzipigisha shoti. Mkanda wa diski laini wenye nyaya 34 nao una kundi la nyaya lililosokotwa karibu na ncha moja. Hilo si kasoro ya kiwanda, ndivyo kompyuta ilivyotofautisha diski ya kwanza na ya pili. Anayetaka kuutumia akate chini ya msokoto, aanze upya.

Mkanda huo wa nyaya 80 unafundisha jambo kubwa kuliko diski. Kasi ya ishara inapopanda, mkanda huwa sehemu ya saketi yenyewe. Kwenye sabufa au mizani unaweza kuunga waya wowote wenye shaba na kifaa kikaendelea. Kwenye runinga, mkanda unaopeleka picha kutoka bodi kuu hadi kioo una nyaya zinazotembea mbilimbili, kila jozi na umbali wake uliokokotolewa. Fundi akizirefusha kwa vipande vya waya wa simu, picha inakuja na chengachenga au haiji kabisa. Fundi anayesema mkanda ni mkanda huwa sahihi siku nyingi, na siku anapokosea hukosea kwenye kifaa cha bei kubwa.

Urefu usiotosha pia huua. Kompyuta za MacBook Pro zilizotoka mwaka 2016 zilikuwa na fleksi nyembamba iliyozunguka bawaba ya kioo. Kila mtu alipofungua na kufunga, fleksi ilijisugua, hadi mwanga wa kioo ukaanza kutoka kama taa za jukwaani chini ya skrini na mwishowe kuzima. Mwezi Mei 2019 Apple ilitangaza mpango wa kutengeneza bure modeli za inchi 13 zilizoathirika. Waliofungua modeli ya mwaka 2018 walikuta fleksi imerefushwa kwa milimita 2 hivi. Milimita mbili! Fundi wa Ifakara anayebadilisha mkanda wa printa na kuweka uliopungua sentimita moja, kwa kuwa eti unafika, anarudia kosa la mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote, ila yeye hana fedha za kutangaza mpango wa kutengeneza bure.

Mji wa Ifakara una sababu ya pekee ya kufikiria viungo, kwa kuwa vifaa vya utafiti hutumika hapa kila usiku. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyochipuka katika miaka ya 1950 kutoka maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy, imejaribu mitego mingi ya mbu. Mtego wa taa wa CDC, uliobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni somo la urahisi: taa ndogo, feni, betri ya volti 6 na nyaya mbili zenye klipu. Klipu ikishika kutu husuguliwa kwa msasa na kazi inaendelea. Mtego wa nyaya zinazoua mbu kwa umeme, ambao majaribio yake yaliyofanyika bondeni yalichapishwa mwaka 2015, uko upande mwingine kabisa, kwa kuwa unahitaji volti za juu zisizovumilia mkanda mwembamba wala unyevu kati ya pini zilizosongamana.

Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford ulichukua njia ya tatu. Ulitumia simu za bei nafuu kusikiliza mbu, zikiwekwa kwenye mfuko ulioshonewa juu ya chandarua, na Ifakara ilikuwa miongoni mwa mahali pa kurekodia. Mkusanyiko wa sauti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuwa na saa 20 za rekodi zilizochambuliwa, zikiwemo spishi 36 za mbu. Kwa mtazamo wa viungo, uamuzi wa kutumia simu una faida ambayo mwenye mradi wa Arduino aitafakari. Maikrofoni, betri, kumbukumbu na redio vimeshaunganishwa kiwandani, vimebanwa na kufungwa. Mradi uleule ukijengwa mezani kwa moduli nne na nyaya ishirini za kuchomeka una sehemu arobaini za kushindwa, na kila moja itapitia masika yale yale. Nyaya za kuchomeka ni nzuri kwa kujifunzia. Zikipelekwa shambani, ni ahadi ya kurudi.

Hitilafu ya kiungo ina dalili zake. Huja na kuondoka. Hubadilika kifaa kikigongwa, kikipata joto au kikigeuzwa. Mita iwekwe kwenye mlio, ncha moja huku, nyingine kule, kisha mkanda ukunjwe taratibu urefu wake wote huku mtu akisikiliza. Njia iliyokatika kwenye printa mara nyingi hulia vizuri mkanda ukiwa umenyooka na kunyamaza ukikunjwa pale kichwa kinapogeukia. Asiyeukunja atautangaza mzima. Hata wakubwa wamenaswa: mwezi Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA nchini Italia walitangaza kwamba nyutrino kutoka maabara ya CERN zilifika kama nanosekunde 60 kabla ya mwanga, na Februari iliyofuata ikabainika kuwa kiunganishi cha nyuzi za mwanga hakikuwa kimekazwa sawasawa. Fizikia nzima ilitikiswa kwa miezi mitano na plagi.

Kubadilisha kwenyewe kunaanza kwa kutochomoa. Soketi nyingi za mkanda mweupe zina komeo dogo la plastiki: kuna linaloinuliwa kama kifuniko, kuna linalovutwa mbele kwa pande zote mbili sawia. Anayevuta mkanda kabla ya kufungua komeo hulivunja au hung'oa pini, na soketi ya nafasi ya 0.5 kuibadilisha kunahitaji bloa, mkono mtulivu na saa nzima. Soketi hizi pia hazikutengenezwa kwa mazoezi. Watengenezaji huzipa uhai wa kuchomekwa mara 20 hadi 30 tu, kwa hiyo anayechomoa na kuchomeka kila baada ya kugusa kitu anatumia uhai huo bila kupata jibu.

Kabla ya kununua mkanda mpya, fundi asafishe uliopo. Spiriti ya isopropili na mswaki laini huondoa kutu ya juu; kifutio cha penseli hung'arisha shaba ya mkanda, ila kwa wepesi, maana upako ni mwembamba na ukiisha shaba tupu itashika kutu haraka zaidi. Mkanda uliolegea ndani ya soketi unaweza kuongezewa kipande cha utepe mwembamba nyuma ya kile kigumu cha bluu. Ncha hukusudiwa kuwa na unene wa karibu milimita 0.3, na utepe hurudisha kilichopotea. Ukikatika karibu na ncha na urefu unaruhusu, unaweza kukatwa, plastiki ikakwanguliwa kwa wembe na shaba mpya ikafunuliwa. Kwenye mkanda wa kijivu kazi ni rahisi zaidi: plagi mpya, mkanda ulionyooka, na jiliwa la kukandamiza pande zote kwa pamoja. Koleo hukandamiza upande mmoja kwanza na kuacha nyaya za upande wa pili zikiwa zimeumwa nusu. Halafu kuna namba. Kwenye plagi hii waya wa 1 na wa 2 hukaa mkabala, 3 na 4 vivyo hivyo, ilhali chipu huhesabiwa kwa kuzunguka. Anayesahau hilo ataunga saketi nzima kwa uangalifu mkubwa na kwa mpangilio usiofaa.

Linalobishaniwa ni kulehemu moja kwa moja: kung'oa soketi na kuunganisha nyaya kwenye bodi kwa risasi. Wanaoitetea njia hiyo husema kiungo cha risasi hakilegei kwa besi wala hakishiki vumbi, na wana hoja. Kwa nyaya mbili za spika ndani ya sabufa ndiyo dawa, ilimradi waya ufungwe usitikisike pale risasi inapoishia, kwa kuwa hapo ndipo hukatikia. Lakini bodi tatu zikishaunganishwa kwa risasi haziwezi kutenganishwa kupimwa, na fundi anayefuata atalazimika kubandua kazi ya mwenzake ili kujua kilichokufa. Kipimo cha haki ni kuuliza kama sehemu hiyo itahitaji kutolewa tena. Paneli ya mbele yenye USB hutolewa mara kwa mara. Ibaki na plagi. Transfoma haitolewi.

Vipo vifaa ambavyo mjadala huo hauvihusu. Mashine za risiti za EFD, zilizoingia kwa wafanyabiashara mwaka 2010, zina kichwa cha kuchapisha chenye mkanda mweupe wa kawaida kabisa, lakini zimefungwa kwa lakiri na hufunguliwa na wenye idhini. Vifaa vya hospitali navyo, hata mkanda wake ukifanana na wa printa, hurudi kwa mgonjwa vikiwa vimepimwa upya na mtu aliyesomea vifaa tiba, si kwa sababu vimewaka.

Ugumu mkubwa unabaki kuwa upatikanaji. Kutoka Kariakoo hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 400, na kifurushi huja kwa basi kupitia Mikumi. Tangu Daraja la Magufuli la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, kazi za Mahenge na Malinyi huvuka mto bila kusubiri kivuko, hivyo meza za Ifakara hupokea vifaa vya wilaya jirani pia. Mkanda wenyewe ni bei ndogo. Nauli ya kosa ndiyo inayouma. Anayeagiza kwa kusema mkanda wa printa ataletewa chochote. Anayeandika njia 40, nafasi 0.5, sentimita 20, aina D, hana cha kubishana na muuzaji.

Kwa anayejenga mradi mpya, uhaba huo unapaswa kuamua soketi kabla ya bodi kuchorwa. Pini za 2.54 zenye boksi na pengo la kuzuia kugeuzwa, na XH kwa betri, zinapatikana hata ndani ya vifaa chakavu. Soketi ya 0.5 itumike tu pale kamera au kioo kinapolazimisha. Na kama ni kuweka akiba kidogo mezani, afadhali mikanda mipana. Mkanda wa njia 30 unaweza kupunguzwa kuwa wa 24 kwa wembe na rula ya chuma, ukipitisha wembe katikati ya njia ya 25 ili ukingo ubaki na upana unaotakiwa, kisha ukaondoa ile nusu ya shaba iliyobaki pembeni isiguse mwili wa soketi. Wa njia 24 hauongezeki.